Vidonge vya Kupanga Uzazi: Maudhi Yake, Hatari Zake na Tahadhari za Kuchukua

Mara nyingi mwanamke huingia duka la dawa, akataja jina la vidonge anavyotumia jirani yake, akapewa paketi, akalipa, akatoka. Hakupimwa presha. Hakuulizwa kama huumwa na kipandauso, kama ananyonyesha, wala kama kuna dawa nyingine anazomeza. Wiki tatu baadaye anaona matone ya damu ambayo hakuyatarajia, anashikwa na hofu, shoga yake anamwambia vitu hivyo vitamharibu kizazi, na paketi inatupwa ikiwa nusu. Miezi michache mbele yuko kliniki ya wajawazito, na hakuwa amepanga.

Vidonge hivi ni salama kwa wanawake wengi, lakini si kwa kila mwanamke. Yule ambaye havimfai, mara nyingi anaweza kujulikana mapema, kabla hajameza hata kimoja, kwa kupimwa presha na kuulizwa maswali yasiyochukua muda mrefu. Maudhi kama kichefuchefu, matone na matiti kuuma kwa kawaida hupita au hupatiwa ufumbuzi. Nimeandika haya ili uweze kutenganisha usumbufu na hatari, na ili usikubali tena kupewa paketi bila ya kuulizwa kitu.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika mkononi

Kuna vidonge vya aina mbili, na tahadhari zake hazifanani.

Aina ya kwanza ina homoni mbili, estrojeni na projestini, na ndiyo inayotumiwa zaidi. Geuza paketi yake uitazame. Kwa kawaida ina vidonge 28: 21 vya rangi moja, na 7 vya kahawia. Vile 21 ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia havina homoni. Ni madini ya chuma ya kusaidia kuongeza damu, vimewekwa ili usikatize mazoea ya kumeza kila siku, na hedhi huja katika siku hizo. Kwenye bati la nyuma kuna mishale au majina ya siku. Fuata mshale. Anayechomoa popote mkono unapoangukia anaweza kumeza vya kahawia katikati ya mwezi akidhani amekingika.

Aina ya pili ina projestini peke yake. Vyote katika paketi vina dawa na hakuna wiki ya mapumziko. Hupewa hasa anayenyonyesha na yule ambaye estrojeni haimfai, na masharti yake ya saa ni makali zaidi.

P2 ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni ya dharura, humezwa ndani ya saa 72 baada ya tendo, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Haikuundwa kuwa njia ya kila mwezi: kinga yake ni ndogo kuliko ya kidonge cha kila siku, na huvuruga hedhi. Ukijikuta unainunua kila mara, nenda kliniki upate njia ya kutegemewa.

Na kuna kile kidonge cha kumeza mara moja kwa mwezi, maarufu kama Sofia, ambacho huuzwa kichinichini. Hicho kiepuke. Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya haijakisajili, na vipimo vya maabara vilikuta ndani yake levonorgestreli (aina ya projestini) na kwinestroli (aina ya estrojeni) kwa viwango vilivyopita kiasi. Kwinestroli hukaa katika mafuta ya mwili na kutoka polepole, na kwa anayenyonyesha homoni hupitia maziwa hadi kwa mtoto. Urahisi wa kumeza mara moja usikuponze.

Hatua ya 2: Presha kwanza, paketi baadaye

Estrojeni inaweza kupandisha presha, na hufanya damu igande kwa wepesi zaidi. Kwa mwanamke ambaye presha yake tayari iko juu, mambo hayo mawili yakikutana huongeza hatari ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Presha ikifika 140/90, vidonge vya homoni mbili havianzishwi hivi hivi, tafuta njia nyingine na mhudumu wako. Ikifika 160/100, havitumiki kabisa.

Lakini presha itwaliwe sawasawa. Ukishuka kwenye feri ya Likoni hapa Mombasa, ukapanda ule mwinuko wa upande wa kisiwani kwenye jua la mchana, kisha ukapimwa ungali unahema, namba itakuwa juu na haitakuwa presha yako halisi. Kaa kitini dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, usiikunje. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Kitambaa cha mashine kivalishwe juu ya ngozi, kisifungwe juu ya mkono wa buibui. Ikiwa hapana sitara, omba pazia livutwe au upelekwe chumbani; hiyo ni haki yako wala si usumbufu kwa mtu. Usizungumze wakati mashine inavuta. Namba ikija juu, irudiwe siku hiyo hiyo na tena siku nyingine. Iandike kwenye daftari lako la kliniki, kisha urudi kupimwa baada ya miezi 3, na baada ya hapo angalau mara moja kwa mwaka.

Kliniki za kupanga uzazi ziko katika hospitali za umma kama Tudor, Port Reitz na Likoni, na vidonge vyenyewe hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ukipendelea duka la dawa, chagua lililotundika leseni ukutani na lenye mfamasia aliye tayari kukusikiliza. Akikupa paketi bila swali hata moja, muulize wewe.

Sasa jieleze, bila ya kuficha. Swali la kwanza ni kipandauso. Kichwa cha kawaida si tatizo. Kinachotisha ni kile kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, mistari inayometameta, upande mmoja wa jicho kuingia giza, au ganzi ya mkono na mdomo. Mwenye kipandauso cha namna hiyo hapewi vidonge vya estrojeni, awe na umri wowote, kwa sababu hatari yake ya kiharusi hupanda. Wengi hawalisemi hili kwa kuwa hawajui kwamba lina uhusiano wowote na kupanga uzazi, na wengi hawaulizwi.

Halafu sema kama wewe, mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, au kama wewe mwenyewe umepata kiharusi au maradhi ya moyo. Sema umri wako na kama unavuta. Mwenye miaka 35 au zaidi anayevuta sigara asitumie vidonge vya homoni mbili, na shisha nayo ni moshi wa tumbaku vilevile. Sema kama umewahi kuwa na saratani ya titi, ugonjwa mkali wa ini, sukari iliyokwisha kugusa macho au figo, au kama unatokwa damu ukeni na sababu haijajulikana.

Aliyejifungua ana hesabu yake. Kama hunyonyeshi, subiri angalau siku 21, na zaidi ya hapo ikiwa ulipasuliwa au una jambo jingine linaloongeza hatari ya damu kuganda. Kama unanyonyesha, vya homoni mbili havifai kabisa katika wiki 6 za mwanzo, na kwa kawaida huahirishwa mpaka mtoto atimize miezi 6. Katika muda huo muulize muuguzi kuhusu kidonge cha projestini peke yake.

Huku kwetu Pwani kuna familia nyingi zenye ugonjwa wa selimundu. Mwenye ugonjwa huo hakatazwi moja kwa moja vidonge vya homoni mbili, lakini damu yake tayari ina mwelekeo wa kuganda, kwa hivyo njia za projestini peke yake mara nyingi humfaa zaidi. Hilo aliamue pamoja na daktari anayemtibu, lisiamuliwe dirishani.

Hatua ya 3: Taja kila dawa unayomeza

Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge kiasi cha kutokutegemewa. Kadhalika baadhi ya dawa za kifafa, zikiwemo kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, hasa efavirenzi. Kwa lamotrijini mambo hugeuka: vidonge vya homoni mbili hushusha kiwango chake mwilini, na kifafa kilichotulia kinaweza kurudi. Antibiotiki za kawaida kama amoksisilini hazivunji kinga, isipokuwa zikikutapisha au kukuharisha sana. Dawa za miti shamba nazo zitaje, hata kama unaona haya.

Hatua ya 4: Siku ya kuanza, na saa ya kumeza

Ukianza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, kinga huanza papo hapo. Siku nyingine yoyote unaweza kuanza mradi una hakika huna mimba, lakini tumia kondomu siku 7 za mwanzo. Kwa vidonge vya projestini peke yake, siku 2 zatosha. Ukigundua baadaye kwamba ulikuwa mjamzito ulipoanza, acha vidonge na uende kliniki. Havijaonekana kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Vikimezwa bila kosa, katika wanawake 100 hata mmoja hafiki kushika mimba kwa mwaka. Katika maisha tunayoishi, wapatao 7 kati ya 100 hushika, na sababu kubwa ni kusahau. Kwa hivyo ifunge saa ya kidonge kwenye jambo ambalo hulikosi. Kwa wengi Mombasa jambo hilo ni Isha. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, wakati wa Isha hausogei sana mwaka mzima, na kumeza usiku baada ya chakula hupunguza kichefuchefu. Asiyeswali anaweza kutumia taarifa ya habari au kengele ya simu.

Ramadhani inataka maandalizi. Ikiwa umezoea kumeza mchana, hamisha saa wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Ukihama, kiwahishe kidonge, usikicheleweshe: cha kesho mchana kimeze leo usiku, kisha endelea na usiku. Wapo wanaotaka hedhi isije katika mfungo au wakiwa Hijja. Kwa vidonge vya homoni mbili hilo linawezekana kwa kuruka vya kahawia na kuanza paketi mpya siku inayofuata. Kiafya si hatari kwa mwanamke ambaye vidonge vinamfaa, ila matone yanaweza kujitokeza, hasa mara ya kwanza, kwa hivyo usingoje wiki ya mwisho ndipo uanze. Aliye kwenye projestini peke yake hana wiki ya kuruka, na ujanja huu haumhusu.

Joto nalo liangalie. Paketi nyingi zimeandikwa zisiwekwe mahali penye joto linalozidi nyuzi 30, na hapa petu Februari na Machi mchana hupita hapo. Usiziweke dirishani, juu ya friji, karibu na jiko, wala ndani ya gari. Kabati la chumba chenye hewa, mbali na ukuta unaopigwa jua, latosha.

Hatua ya 5: Miezi 3 ya mwanzo

Hapa ndipo wengi huacha, na hapa ndipo ningependa mtu avumilie akijua anachokivumilia.

Matone ya damu katikati ya mwezi ndiyo yanayotisha zaidi na mara nyingi ndiyo yasiyo na maana kubwa. Utando wa mji wa mimba unazoea homoni mpya. Hayamaanishi kwamba kinga imeshindwa, ikiwa hukuruka kidonge. Usiache katikati ya paketi kwa sababu yake, kwani kuacha ndiko kutakakoleta damu zaidi. Yakiendelea baada ya mwezi wa tatu, au yakiwa mazito, au yakija na maumivu au baada ya tendo, nenda ukapimwe. Huenda ni maambukizi, au kuna jambo kwenye mlango wa kizazi ambalo halihusiani na vidonge hata kidogo.

Kichefuchefu hupungua ukimeza baada ya kula na si kwenye tumbo tupu alfajiri. Chai ya tangawizi husaidia baadhi ya watu. Matiti kujaa na kuuma, kichwa chepesi na kisunzi kwa kawaida hutulia baada ya paketi mbili au tatu, na kwa kichwa panadoli inatosha. Lakini kichwa kinachozidi kila mwezi, au kilichoanza kuja na vimulimuli, hicho si cha panadoli: acha vidonge, tumia kondomu, nenda kliniki.

Hedhi kuwa nyepesi, au kutoonekana mwezi mmoja, hutokea. Kama hukusahau kidonge, endelea. Kama ulisahau, au hedhi imekosekana miezi 2 mfululizo, pima mimba.

Unene ni lalamiko la kila siku. Tafiti hazijaonyesha kwamba vidonge hivi vinanenepesha kwa kiasi kikubwa. Wengine huongezeka kidogo kwa maji, wengine hupungua. Chunusi kwa wengi hupungua. Madoa ya kahawia usoni huwapata baadhi, na jua letu huyakoleza, basi jikinge uso kwa kivuli na mafuta ya kuzuia jua.

Moyo kuwa mzito, hasira za ghafla na kukosa hamu ya tendo ni mambo ya kweli, si deko, ingawa hayampati kila mtu. Mwambie mumeo na mwambie muuguzi. Kubadilisha aina ya kidonge au njia nzima kunaweza kuleta nafuu. Ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu unayemwamini.

Na lile la kuharibu kizazi? Si kweli. Vidonge havirundikani tumboni. Huyeyuka na kutoka mwilini kama dawa nyingine. Hadithi nyingi tulizozipokea kwa mama zetu zilitokana na vidonge vizito kuliko vya leo. Kidonge cha kwanza kuidhinishwa Marekani mwaka wa 1960 kilikuwa na maikrogramu 150 za estrojeni, na vingi vya sasa vina 30. Kuhusu saratani, ukweli una pande mbili: vidonge hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na huongeza kidogo ile ya titi kwa muda vinapotumika, na ile ya mlango wa kizazi vikitumika zaidi ya miaka 5. Kwa hivyo kapime mlango wa kizazi kama wanavyokuelekeza kliniki, usikwepe.

Vidonge havizuii virusi vya ukimwi wala magonjwa ya zinaa. Kondomu bado ina kazi yake.

Hatua ya 6: Ukisahau au ukitapika

Ukisahau kimoja chenye homoni, kimeze mara ukumbukapo, hata ikibidi kumeza viwili siku moja, kisha endelea. Huhitaji kondomu.

Ukisahau viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja papo hapo, vingine vilivyopita viache, endelea kila siku, na tumia kondomu siku 7. Kama ni katika vile 7 vya mwisho vyenye homoni, ukivimaliza ruka vya kahawia na uanze paketi mpya. Kama ni wiki ya kwanza ya paketi na ulikutana na mumeo katika siku zilizotangulia, muulize mfamasia kuhusu P2 siku hiyo hiyo.

Kuchelewa kuanza paketi mpya ndiko kubaya kuliko yote. Ovari zimekwisha pumzika siku 7; ukiziongezea mbili tatu, zinaamka. Kwa hivyo paketi inayofuata iwe nyumbani kabla hujagusa cha kwanza cha kahawia. Vituo huishiwa. Ukisahau cha kahawia chenyewe, kitupe na uendelee.

Kwa projestini peke yake ya kawaida, kuchelewa zaidi ya muda wa saa 3 kunahesabika ni kusahau: meza mara moja na utumie kondomu siku 2.

Ukitapika ndani ya muda wa saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Ukiendesha au kutapika vibaya kwa zaidi ya siku moja, hesabu siku hizo kana kwamba umesahau.

Hatua ya 7: Dalili za kukimbiza hospitali

Kuganda kwa damu ni nadra. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge, kama 2 hupata tatizo hilo kwa mwaka; kwa watumiao vyenye levonorgestreli ni kama 5 hadi 7. Ujauzito na majuma ya baada ya kujifungua hubeba hatari kubwa kuliko hiyo. Lakini nadra si kamwe, na mwaka wa kwanza ndio wenye hatari zaidi. Zishike dalili hizi kutoka juu kwenda chini:

- Kichwa: maumivu makali ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, ulimi mzito, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea.
- Macho: kupoteza uoni, kuona vitu viwiliviwili, au macho kuwa manjano.
- Kifua: maumivu, kuhema bila sababu, kukohoa damu.
- Tumbo: maumivu makali yasiyotulia.
- Mguu: shavu la mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto, mwingine ukiwa salama.

Ukiona moja, usingoje asubuhi wala usikandwe mguu huo mafuta. Kusugua bonge la damu kunaweza kulisukuma mapafuni. Nenda kitengo cha dharura, kama kile cha Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara. Neno la kwanza mlangoni liwe: "Natumia vidonge vya kupanga uzazi." Chukua paketi. Mumeo, mamako au jirani mmoja ajue kwamba unavitumia, maana siku ya kiharusi huenda usiweze kusema.

Hatua ya 8: Safari, upasuaji, na siku ya kuacha

Basi la Nairobi ni kukaa kitako saa nyingi. Kunywa maji, chezesha vifundo vya miguu, na basi likisimama Mtito Andei shuka utembee hata kama hutaki chakula. Anayepanda ndege kwenda Hijja au Ghuba afanye vivyo hivyo. Ukipangiwa upasuaji mkubwa, au wa mguu utakaokulaza kitandani, mwambie daktari mapema. Mara nyingi vya estrojeni husimamishwa wiki 4 kabla, na huo ni muda wa kujipanga kwa njia nyingine.

Ukitaka mtoto, maliza paketi kisha acha. Hakuna haja ya kusafisha tumbo wala kunywa dawa ya kutoa vidonge. Unaweza kushika mimba mwezi uo huo, kwa hivyo anza kumeza asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, hata kabla ya kuacha. Hedhi isiporudi kwa miezi 3, pima mimba kwanza, na kama haipo, kamwone daktari atafute sababu.